Maji yaliyotumika si taka

Kila mwaka sisi walimu wa Kiswahili huwafundisha wanafunzi kwamba maji yakimwagika hayazoleki. Hiyo ni methali ya majuto. Haikukusudiwa kuwa sera ya maji. Lakini ukiitazama miji yetu utadhani tumeichukua neno kwa neno. Maji yakishapita jikoni, bafuni au kiwandani, tumeagana nayo, wala hakuna anayeuliza yanakoelekea.

Huko yanakoelekea kunajulikana. Nairobi huletewa maji kutoka bwawa la Ndakaini, Murang'a, na lile la Sasumua, Nyandarua. Haya ni maji ambayo yangeachwa yangeteremka hadi Mto Tana. Tukishayatumia, sehemu yake hupitia mabwawa ya kusafishia yaliyoko Ruai, sehemu nyingine huingia Mto Nairobi vivyo hivyo yalivyo, na hatimaye hufuata Mto Athi. Mto huo ndio unaobadilika jina ukawa Galana, kisha Sabaki, na kando yake, mahali paitwapo Baricho, vimechimbwa visima vinavyowanywesha watu wa Malindi, Kilifi na sehemu ya Mombasa. Kweli, njiani maji hayo huchanganyika na ya vijito vingine, na mchanga nao huyachuja. Hata hivyo, anayedai kwamba Mkenya hatakubali kamwe kunywa maji yaliyokwisha kutumiwa na mwingine amechelewa. Ndugu zetu wa Pwani wana sehemu yao katika maji hayo. Tofauti ni kwamba hawakuulizwa.

Mji wa Windhoek, Namibia, uliamua kufanya waziwazi jambo hili tunalolifanya kwa kificho. Nchi hiyo haina mto wa kudumu isipokuwa mipakani. Tangu mwaka 1968 wakazi wa mji huo wamekuwa wakinywa maji yaliyotoka majumbani mwao wenyewe, yakasafishwa hatua baada ya hatua na kurudishwa mabombani. Kiwanda cha sasa cha Goreangab, kilichoanza kazi mwaka 2002, kinaweza kutoa mita za ujazo 21,000 kwa siku. Siri yake moja haina makuu: maji ya viwandani hayaruhusiwi kuchangamana na ya majumbani. Kila moja yana njia yake.

Mimi ni mtu wa isimu, si mhandisi, na kinachonishughulisha ni jinsi jambo hili lilivyo pia suala la majina. Mnamo Julai 2006 wakazi wa Toowoomba, Australia, walipigishwa kura kuhusu mpango kama huo wakati mabwawa yao yakikauka. Takriban asilimia 62 waliukataa. Wapinzani walikuwa wameupachika mji wao jina la kejeli lenye harufu ya choo, na kejeli hiyo ikawashinda wataalamu na takwimu zao. Singapore nayo ilianza na msamiati. Wakuu wake waliacha kusema maji taka, wakasema maji yaliyotumika. Nayo yaliyosafishwa yakapewa jina lake, NEWater, yalipozinduliwa rasmi mwaka 2003. Mengi ya maji hayo huenda viwandani, na kiasi kidogo humiminwa katika mabwawa ya maji ya kunywa.

Sisi tunasema maji taka, na neno hilo limekwisha kutoa hukumu. Taka hutupwa. Ilhali lugha iyo hiyo inatupa kitenzi kutakasa, kinachokaribiana na taka kwa sauti na kupingana nayo kwa maana. Wapo watakaouliza kama kilichokwisha kunajisika kinaweza kutakasika. Baraza la wanazuoni wakuu wa Saudi Arabia lililitazama swali hilo mwaka 1978, likaona kwamba maji yaliyosafishwa hadi kurudia hali yake ya asili yanafaa hata kwa udhu.

Nisieleweke vibaya. Jina zuri haliui kijidudu. Tayari kuna wakulima jijini Nairobi ambao huziba mabomba ya maji taka ili yafurike mashambani, na sukuma wiki hiyo hufika sokoni kisha mezani petu. Hayo pia ni matumizi ya mara ya pili, tena ya hatari. Siwalaumu sana; mtu mwenye shamba kavu na bomba linalopita mlangoni atafanya nini? Lawama ni ya wanaoyaacha maji hayo yapite bila kusafishwa, na ya viwanda vinavyomwaga rangi na madini mazito katika mkondo mmoja na maji ya nyumbani.

Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 43, inampa kila mtu haki ya kupata maji safi na salama ya kutosha. Katiba hiyo hiyo imezikabidhi kaunti huduma za maji na usafi. Mto lakini haujui mipaka ya kaunti. Gavana wa Kilifi hawezi kukisafisha kile ambacho Nairobi imekimwaga, na Nairobi haioni faida ya kugharamia maji yatakayonywewa Malindi. Kwa hivyo ningependa kuona Nairobi, Machakos, Makueni, Kitui na Kilifi zikiketi meza moja, zikubaliane kiwango cha usafi ambacho maji yatafikia kabla ya kuvuka kila mpaka, nani atakayepima, na nani atakayelipa. Matokeo ya vipimo hivyo yachapishwe kila mwezi, kwa Kiswahili, ili mama anayechota maji Malindi ayasome mwenyewe.