Mwenye baiskeli naye ana haki ya lami

AZIMIO la Arusha, lililotangazwa Februari 1967, lilitoa onyo moja ambalo siku hizi halitajwi mara nyingi. Lilisema kwamba barabara za lami, ambazo wakati ule nyingi zilikuwa mijini, huwafaa zaidi wenye magari. Lakini zikijengwa kwa mkopo, mlipaji wa mkopo huo ni mkulima, kwa mazao anayoyatoa shambani. Likaongeza kwamba hata fedha za kigeni zilizonunulia gari lenyewe zimetokana na jasho la mkulima huyo huyo.

Zaidi ya nusu karne imepita, na lami imeenea karibu kila pembe ya nchi. Kazi hiyo ni ya kujivunia. Mkoa wa Singida, ambao zamani msafiri aliufikia kwa vumbi na matope, leo ni njia panda. Barabara kuu kutoka Dar es Salaam na Dodoma hupita Manyoni na Ikungi, ikaingia Singida mjini, kisha ikashika njia ya Iguguno na Shelui kwenda Nzega, Mwanza na nchi jirani za Rwanda, Burundi na Kongo. Nyingine hutoka mjini hapo kwenda Babati na Arusha. Hata hivyo, swali la Azimio bado liko pale pale: lami hii ni ya nani?

Jibu huonekana alfajiri. Kutoka Mtamaa, Mwankoko, Unyamikumbi na Mungumaji, wakulima huingia mjini kwa baiskeli. Mmoja amefunga matenga ya kuku, mwingine magunia ya vitunguu, mwingine madumu ya mafuta ya alizeti. Nyuma yao huja lori lenye tela, limebeba shehena ya kwenda nje. Njia ni moja na nafasi ni moja. Lori likipiga honi, mwenye baiskeli hana budi kushuka kando, naye akichelewa kushuka, hakuna wa kumtetea. Watu wa Singida wanaujua pia upepo wa mkoa wao, ambao wataalamu wameupima kwa nia ya kuzalisha umeme. Upepo huo ukivuma kwa ubavu, na lori likapita kwa kasi umbali wa shubiri chache, baiskeli yenye mzigo huyumba. Kuyumba hatua moja upande wa kulia ni kifo.

Waenda kwa miguu hawana nafuu zaidi. Mama mwenye ndoo kichwani na mtoto mgongoni, na mwanafunzi anayewahi kengele, wote husimama kando ya lami wakisubiri huruma ya dereva. Palipochorwa mistari ya kivuko, rangi hufutika kwa jua na matairi. Dereva aliyetoka mbali, ambaye kwake mji huu ni kituo kimoja tu cha safari ndefu, huiona mistari hiyo kama pambo.

Shirika la Afya Duniani lilieleza mwaka 2023 kwamba watu wapatao milioni 1.19 hufa barabarani kila mwaka duniani kote, na kwamba zaidi ya nusu yao ni waenda kwa miguu, wapanda baiskeli na wapanda pikipiki. Kwa watoto na vijana wa umri wa miaka 5 hadi 29, ajali za barabarani ndizo zinazoongoza kwa kuua. Kwa maneno mengine, makabwela ndio wanaokufa katika barabara walizozilipia wenyewe. Maana hata tozo ya mafuta inayoingia katika Mfuko wa Barabara humfikia mwenye baiskeli, akainunua ndani ya bei ya sukari, sabuni na mbolea.

KASUMBA

Kwa nini basi barabara ikachorwa bila kumfikiria aliye wengi? Sababu ya kwanza ni kasumba. Wapo wasomi waliofundishwa, au waliojifundisha, kwamba baiskeli ni alama ya umaskini utakaokwisha wenyewe maendeleo yakija, na kwa hiyo haistahili kutengewa nafasi. Hao wamesahau kwamba Taifa hili liliwahi kuwa na kiwanda chake cha baiskeli, na kwamba Swala zilizotoka humo ziliwabeba walimu, mabwana shamba na makatibu kata hadi vijijini.

Kasumba hiyo haina msingi hata huko yanakotazamwa maendeleo. Uholanzi, nchi tajiri, inajulikana leo kwa baiskeli zake. Lakini njia zake za baiskeli hazikushuka kutoka mbinguni. Mwaka 1971 watu wapatao 3,300 waliuawa na ajali za barabarani nchini humo, na zaidi ya 400 kati yao walikuwa watoto. Wazazi waliingia mitaani wakadai mauaji ya watoto yakome, na Serikali ikalazimika kuzipanga upya barabara. Kilichowaokoa ni uamuzi wa siasa.

Na hapa nchini majaribio si mageni. Katika miaka ya 1990, Temeke na Morogoro zilikuwa maeneo ya mradi wa majaribio wa njia za miguu na baiskeli. Dar es Salaam, shirika la Amend lilijenga kandokando ya shule za msingi njia za miguu, matuta na vivuko, na mwaka 2019 kazi hiyo ikapata tuzo ya kimataifa ya miji. Vifaa vilivyotumika havikuwa vya ajabu: saruji, kokoto, nguzo fupi, rangi na vibao.

Funzo jingine la Dar es Salaam ni chungu kidogo. Mabasi yaendayo haraka yalipoanza kazi mwaka 2016, njia za baiskeli zilikuwa zimejengwa sambamba na barabara yao. Lakini palipokosekana kizuizi imara na usimamizi, pikipiki ziliingia, magari yakaegeshwa na meza za biashara zikapangwa. Ni dhahiri basi kwamba mstari wa rangi peke yake haumlindi mtu. Njia ya baiskeli hapana budi itengwe na magari kwa ukingo wa mawe au saruji, tena ukingo usioweza kurukwa na pikipiki. Nacho kivuko hapana budi kiinuliwe kuwa tuta bapa, ili dereva apunguze mwendo atake asitake, na katikati ya barabara pana kiwekwe kisiwa cha mtu kusimama na kupumua kabla ya kuvuka upande wa pili.

WANAOPINGA

Wapo watakaosema kwamba hakuna nafasi. Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 iliiongeza hifadhi ya barabara kuu kutoka mita 22.5 hadi mita 30 kila upande, kuanzia mstari wa kati. Njia ya baiskeli haihitaji zaidi ya mita mbili. Hata pale majengo ya mjini yalipoibana barabara, nafasi ya kuegesha magari machache haiwezi kuwa na thamani kuliko uhai wa watu wengi.

Wapo watakaosema kwamba malori yatacheleweshwa na uchumi utadhurika. Hesabu ni rahisi. Kilomita tatu za mjini kwa mwendo wa kilomita 50 kwa saa huchukua chini ya dakika nne. Kwa mwendo wa kilomita 30 huchukua dakika sita. Lori linalosafiri siku kadhaa hadi Kigali au Bukavu haliwezi kudai kwamba limefilisika kwa dakika mbili na nusu. Lakini kwa mtu aliyegongwa, tofauti ya mwendo ndiyo tofauti ya hospitali na kaburi.

Wapo pia watakaosema kwamba wenye baiskeli hawazijui sheria. Kweli, wako wanaopita upande usio wao na wanaotembea usiku bila taa. Elimu yahitajika, na viongozi wa mashina na walimu waifanye kazi hiyo bila kuchoka. Lakini mtu hawezi kulaumiwa kwa kutofuata njia yake ilhali njia hiyo haijajengwa.

MAWE YAPO

Hoja ya fedha ndiyo ya mwisho, na ndiyo Singida inaweza kuijibu kwa kujitegemea. Mkoa huu umejaa mawe. Mgeni anayefika mjini huyaona majabali kabla ya kuziona nyumba, hadi kandokando ya maziwa ya Kindai na Singidani. Wapo vijana wanaojua kuyachonga na kuponda kokoto. Mawe ya ukingo hayahitaji kuagizwa kutoka nje, na kazi ya kuyapanga inaweza kupewa vikundi vya vijana na wanawake wa mji huo huo. Tena gharama huwa ndogo zaidi kazi hii ikiingizwa katika mchoro tangu mwanzo, wakati barabara inapotengenezwa, kuliko kungoja kuichimba lami iliyokwisha kutandazwa.

Kinachohitajika zaidi ya fedha ni kuvunja ukuta wa urasimu. Barabara kuu iko chini ya TANROADS, mitaa ya mji iko chini ya TARURA, na mipango ya mji ni ya Manispaa. Mkulima anayevuka njia panda moja kwa hatua ishirini huwa amepita mikononi mwa ofisi tatu, na kila ofisi yaweza kuonyesha kidole kwa mwenzake. Madiwani, ambao ni wawakilishi wa watu hawa wa baiskeli, wana wajibu wa kuliondoa jambo hili katika mazungumzo ya barazani na kulifikisha katika Bodi ya Barabara ya Mkoa, wakiwa na orodha ya vivuko, shule na masoko yanayopaswa kuanza. Nao wahandisi waende wakaiangalie barabara saa kumi na mbili asubuhi, wakiwa juu ya baiskeli, kabla ya kutia saini mchoro.

Chama kilichozaliwa na wakulima na wafanyakazi hakiwezi kuona fahari kwa urefu wa lami peke yake. Lami ipimwe pia kwa idadi ya waliotoka nyumbani alfajiri wakarudi salama jioni. Mkulima wa Mtamaa haombi zawadi. Barabara amekwisha kuilipia kwa alizeti na vitunguu vyake. Sasa apewe mita zake mbili.