Mtoto akichagua kemia hapa Kamina, mzazi atarajie nini?

Mwezi wa tisa ukifika, kwenye mageti ya shule za sekondari za Kamina mazungumzo ni yale yale. Mzazi anasikia mtoto wake anataka kuingia humanite ya sayansi, ile ambayo watu bado wanaiita kemia-biolojia, na kichwani mwake anaona mganga mwenye koti jeupe. Jirani yake anasikia neno hilo hilo na anaona matumizi ya pesa tu. Mama aliyehama kwa sababu ya vita au ya mafuriko ya Lualaba anaogopa jambo lingine: mtoto aliacha darasa katikati ya mwaka, je, atapokelewa?

Wote watatu wanarudi nyumbani na karatasi ya vitu vya kununua. Sare, madaftari, kalkuleta, pesa ya awamu ya kwanza. Karatasi haisemi ndani ya somo lenyewe kuna nini. Hilo ni kosa, kwa sababu watoto wengi wanaokimbia kemia hawashindwi na akili. Wanashindwa kwa sababu hakuna aliyewaeleza njia kabla ya safari.

Njia inaanza na herufi. Mwanafunzi anakutana na jedwali la elementi, ambalo Mrusi Mendeleev alilipanga mwaka 1869 na ambalo leo lina elementi 118. Anaambiwa shaba ni Cu, bati ni Sn, anashangaa herufi hizo zimetoka wapi. Zimetoka Kilatini, basi. Lakini mtoto wa pande hizi hana sababu ya kuogopa jedwali hilo, kwani ni kama orodha ya mali ya udongo wa kwao. Shaba, namba 29, na kobalti, namba 27, ndizo zinazochimbwa Kolwezi na Likasi. Bati, namba 50, hutoka kwenye kasiteriti, yale mawe meusi mazito ambayo vijana wanayachimba Malemba-Nkulu na Manono. Litiamu, namba 3, ndiyo iliyofanya jina la Manono litajwe mpaka Ulaya na China. Mwalimu anayeanza na mawe hayo, kisha akarudi kwenye hidrojeni namba 1, atapata darasa linalosikiliza. Na hakuna haja ya kukariri zote 118. Elementi 20 za kwanza pamoja na hizo za nyumbani zinatosha kwa kuanzia.

Baada ya herufi inakuja lugha, na hapo ndipo wengi wanaanguka bila kujua wameangukia nini. Somo linafundishwa kwa Kifaransa na mtihani wa serikali, Exetat, unaandikwa kwa Kifaransa. Mfano mmoja unatosha. Kwa Kiswahili, sukari inayeyuka katika chai, na mshumaa unayeyuka karibu na moto. Neno ni moja. Kwa Kifaransa cha kemia hayo ni mambo mawili tofauti kabisa: sukari inahitaji maji ili isambae ndani yake, mshumaa unahitaji joto tu ili ugeuke kutoka kigumu kuwa kimiminika. Mtoto anayejibu neno la kwanza mahali pa neno la pili anapewa sifuri, na nyumbani wanasema hana kichwa cha sayansi. Kumbe jambo lenyewe analijua tangu utoto, jikoni kwa mama yake. Kwa hiyo mwalimu anayeeleza kwanza kwa Kiswahili au kwa Kiluba, kisha akarudi kwenye Kifaransa na kuandika maneno yote mawili ubaoni, hapotezi wakati kama baadhi ya wakaguzi wanavyofikiri. Anaokoa mwaka wa mtoto.

Kisha hesabu. Mwanafunzi ajiandae kukutana na neno moli, ambalo limewafukuza wengi kwenda sehemu ya ualimu na ya biashara. Ukweli ni kwamba kila mama wa sokoni analijua wazo hilo. Hakuna anayenunua mahindi kwa kuhesabu punje. Ananunua kwa meka, na akijua meka ngapi, anajua bukari itatosha watu wangapi. Mwanakemia naye hawezi kuhesabu chembe za maji moja moja, kwa hiyo anapima gramu 18 za maji na kuziita moli moja. Gramu 58.5 za chumvi ya jikoni nazo ni moli moja. Uzito ni tofauti, lakini idadi ya vipimo vya ndani ni ile ile, nayo ni kubwa mno: 6 ikifuatwa na tarakimu nyingine 23. Meka inapima ujazo, moli inapima idadi, hapo mfano unaishia. Lakini mtoto aliyeshika mfano huo hatakimbia darasa wiki ya pili.

Sehemu ya somo inayostahili kuzungumzwa zaidi kuliko zote ni ile ya miyeyusho, kwa sababu katika Haut-Lomami ni habari ya uhai na kifo. Kipindupindu si mgeni katika jimbo hili. Kinarudi mara kwa mara kando ya mto na maziwa, Kinkondja, Bukama, Malemba-Nkulu, na kinapenda mahali watu wengi wamejaa pamoja bila maji safi, yaani mahali kama pale ambapo familia zilizohama zinalala. Kikianza, mtu mwenye sindano anasimama kwenye kituo cha kuteka maji, anatia dawa kidogo katika kila bidoni. Wengi wanaona sindano tu. Mwanafunzi wa kemia anapaswa kuona zoezi lake la daftarini.

Zoezi ni hili. Mchanganyiko wa klorini ulioandaliwa kwa kipimo cha asilimia 1 una miligramu 10 za klorini katika kila mililita. Bidoni ni ya lita 20. Kwa maji yanayoonekana safi, tuseme kila lita inahitaji miligramu 2. Mara 20, jumla ni miligramu 40, kwa hiyo mililita 4 za sindano. Ukitia pungufu, vijidudu vinabaki. Ukizidisha, maji yananuka, watu wanayakataa na kurudi kunywa ya mto. Baada ya nusu saa, maji yanapimwa, na katika wakati wa ugonjwa inatakiwa ibaki angalau miligramu 0.5 kwa lita ili yaendelee kujilinda ndani ya bidoni. Maji yenye matope hayafuati hesabu hiyo, kwani uchafu unaila klorini kabla haijafika kwa vijidudu. Lazima yatulie na kuchujwa kwanza. Hapo hakuna kitu kinachozidi kiwango cha sekondari. Darasa linaloandika kanuni ya kuzimua mchanganyiko mara kumi bila kutaja bidoni hata mara moja limeacha utajiri wake nje ya mlango.

Sasa, kuhusu labo. Mzazi asidanganywe: wapo wanafunzi wengi watakaomaliza miaka minne ya humanite wakiwa wameona kemia kwa chaki tu. Sababu ya kwanza ni umaskini wa shule. Sababu ya pili haisemwi sana: siku ya Exetat, maswali ya kemia ni ya kuchagua jibu moja kati ya kadhaa. Mtihani haumwombi mtoto kushika chupa, wala kunusa, wala kungoja rangi igeuke. Shule inayotafuta asilimia za kufaulu itafundisha kuchagua herufi. Mtu anaweza kuilaumu, lakini ndiyo barabara ambayo mtihani umeichonga.

Pale shule inapodai pesa ya labo, hata hivyo, jambo ni tofauti. Elimu ya msingi ilitangazwa bure tangu mwaka 2019, lakini sekondari wazazi wanaendelea kulipa, na wanaolipa wana haki ya kuuliza. Komiti ya wazazi iombe kwa adabu kuoneshwa chumba au hata sanduku ambalo pesa hizo zimenunua. Prefe mwenye kitu atakionesha kwa furaha.

Na asiye na kitu, soko la Kamina lipo. Maua mekundu ya ngaingai yakichemshwa yanatoa maji mekundu. Ukiongeza ndimu yanang'aa zaidi, ukiongeza maji ya majivu yanageuka na kuelekea kijani. Hapo darasa limeona asidi na besi kwa bei ya fungu moja. Mafuta ya mawese na soda kali yanatoa sabuni, na wamama wanaoitengeneza wangeweza kualikwa darasani, maana wao ndio wenye labo. Sombe na mihogo navyo ni somo zima: mihogo michungu ina sumu ya sianidi, na ndiyo maana wazee walilowesha mihogo siku kadhaa, wakatwanga majani kabla ya kuyachemsha. Familia zenye njaa zikipunguza siku za kulowesha, sumu inabaki. Huko Kwango, magharibi mwa nchi, ugonjwa wa konzo unaopooza miguu ya watoto na wanawake umefungwa na jambo hilo hilo. Mtoto akielewa hivyo shuleni, akamwambia mama yake asiharakishe mihogo, ada ya mwaka imerudi.

Lakini soko pia linaua. Maji ya javeli yasichanganywe kamwe na ndimu, siki au asidi ya kusafishia choo, maana mchanganyiko huo unatoa gesi ya klorini inayochoma mapafu. Soda kali inatiwa polepole ndani ya maji baridi. Maji hayamwagwi juu ya soda. Asidi ya betri ya gari ibaki kwenye betri. Na jiko la makala lililoachwa ndani ya nyumba iliyofungwa linatoa gesi isiyo na harufu, ambayo watu wamelala nayo wasiamke. Mwalimu asiyeanza na hayo asianze majaribio.

Linabaki swali la mama aliyehama, na pengine ndilo zito kuliko yote. Kemia ni somo la ngazi. Aliyekosa miezi mitatu ya majina ya fomula hataelewa kusawazisha milinganyo, na asiyesawazisha hataelewa miyeyusho, na mwaka wa mwisho, wakati kwa kawaida wanaingia kemia ya kaboni, atakuwa anatazama picha tu. Kwa hiyo shule zina haki ya kuwa na wasiwasi. Hazina haki ya kumrudisha mtoto darasa la chini kwa sababu tu buletini iliungua pamoja na nyumba. Maswali kumi na tano ubaoni, mchana mmoja, yanaweza kuonesha anajua nini. Kama pengo ni la fomula tu, mwanafunzi mwenzake mwenye daftari zuri anaweza kulifunga kwa jioni za mwezi mmoja. Kama pengo ni la mwaka mzima, mzazi aambiwe waziwazi. Ataumia siku hiyo, lakini ni afadhali kuliko kuambiwa matokeo yakisomwa redioni.

Wasichana wanapewa ushauri wa kukwepa sehemu hii kuliko wavulana, na sababu inayotolewa ni kwamba ni ngumu. Sabuni, mihogo, maji ya kunywa na moto wa makala viko mikononi mwa nani katika mji huu?

Si kila atakayemaliza atakuwa mganga. Wengine watakuwa wauguzi, walimu, watu wa kilimo, wapimaji wa maji au wa madini. Wengine watarudi sokoni wakijua kwa nini sabuni yao inachubua mikono.

Kwa familia ambayo haina uhakika italala wapi mwezi ujao, kuna jambo la kufanya wiki hii. Buletini zote za mtoto zipigwe picha kwa simu, na picha zitumwe kwa ndugu aliye mji mwingine, kwa sababu kabla ya Exetat shule itaomba faili la miaka iliyopita. Daftari la kemia la mwaka jana lisitumiwe kuwashia moto wala kufungia karanga. Liingie katika mfuko wa plastiki pamoja na kadi za chanjo, ule mfuko ambao unabebwa wa kwanza wakati wa kukimbia.