Kamshafti ya mashindano haifai kwa matope ya Kibera

Gari kubwa la silinda sita ni mali ya thamani kwa familia inayoishi Kibera au Kawangware. Siku za juma hubeba watoto, mboga na mifuko ya saruji. Mvua za masika zinapofika, hilo ndilo linalopita penye matope ambapo magari madogo yamekwama. Siku gari kama hilo linapopoteza nguvu na fundi wa jua kali akasema kamshafti imeliwa, baba huanza kuhesabu pesa. Naye kijana wa nyumbani ana shauri lake: "Mbona tusitie ile ya mashindano?"

Msomaji wangu, kabla hujatoa hata shilingi moja, hebu tuelewane kwanza kuhusu kifaa chenyewe.

Kamshafti ni mtaimbo wa chuma wenye vinundu. Huzunguka mara moja kila krenkshafti inapozunguka mara mbili. Kila kinundu husukuma valvu ifunguke, hewa na mafuta yaingie au moshi utoke. Umbo la kinundu ndilo linaloamua valvu itafunguka kwa kiasi gani na itakaa wazi kwa muda gani.

Fikiria mlango wa matatu katika stendi ya 46. Manamba akiuacha wazi muda mrefu ilhali abiria wanaingia polepole, wengine hushuka tena. Ndivyo ilivyo kwa kamshafti ya mashindano. Huiacha valvu wazi hata baada ya pistoni kuanza kupanda. Injini ikizunguka kwa kasi kubwa, hewa huwa na msukumo wake na huendelea kuingia. Ikizunguka polepole, sehemu ya hewa hurudishwa ilikotoka na nguvu hupungua.

Basi jiulize: gari lako huishi wapi? Huishi katika msongamano wa Ngong Road, kwenye matuta na mashimo, gia ya kwanza na ya pili. Nguvu unayoihitaji ni ile ya chini. Watengenezaji wanalijua jambo hili. Injini ya dizeli ya Toyota iitwayo 1HZ, yenye silinda sita na ujazo wa sentimita 4,164, iliyoanza kuuzwa mwaka wa 1990, hufikia kilele cha nguvu yake ya kuvuta katika mizunguko 2,200 tu kwa dakika.

Tena Nairobi iko juu, yapata mita 1,700 kutoka usawa wa bahari. Hewa yetu ni nyepesi. Injini isiyo na turbo hupoteza hapa karibu sehemu moja ya sita ya nguvu ambayo ingekuwa nayo Mombasa. Ukiongeza kamshafti inayorudisha hewa nje, utakuwa umepata hasara mara mbili.

Kuna jambo zito zaidi, nalo ni breki. Katika magari mengi ya petroli, mguu wako husaidiwa na mvuto wa hewa unaotoka katika injini yenyewe. Kamshafti ya mashindano hupunguza mvuto huo injini inapozunguka polepole. Ukiteremka na watoto garini, utaikuta breki ngumu kama jiwe. Mngurumo wa kupendeza haufidii hatari hiyo.

Vijana watakukumbusha Safari Rally. Ni kweli, Datsun 240Z ya silinda sita ilishinda mwaka wa 1971 ikiendeshwa na Edgar Herrmann, na mwaka wa 1973 ikiendeshwa na Shekhar Mehta. Lakini magari yale yaliandaliwa kwa kasi, na mafundi waliyangoja njiani na vipuri tayari. Lako linangojwa na watoto langoni mwa shule.

Je, ufanyeje?

Kwanza, hakikisha kamshafti ndiyo mgonjwa. Kichujio cha hewa kilichoziba au valvu zilizorekebishwa vibaya pia huua nguvu. Katika injini kuukuu ya petroli kama 2F ya Land Cruiser, mwambie fundi afungue kifuniko cha juu na kuizungusha injini polepole kwa mkono. Valvu ambayo haisukumwi kama wenzake, ilhali nafasi zake zimerekebishwa sawa, hukuonyesha kinundu kilicholiwa.

Pili, chagua kamshafti ya umbo lile lile la kiwandani. Ukitaka kuongeza kidogo, muulize muuzaji nguvu yake inaanzia mizunguko mingapi. Akisema 1,000 na kitu, endelea kusikiliza. Akisema 2,500 au zaidi, mrudishie.

Tatu, ukinunua iliyotumika huko Kirinyaga Road, usitosheke na kung'aa kwake. Vinundu vyote vya kuingiza hewa vipimwe kwa maikromita, kisha vyote vya kutoa moshi. Kimoja kikipungukiwa na wenzake, au kikiwa na vishimo, achana nayo.

Nne, katika injini kama hiyo ya 2F, kamshafti mpya iende na tapeti mpya. Tapeti kuukuu zimekwisha kuzoea umbo la vinundu vya zamani, nazo zitavila vipya upesi. Vinundu vipakwe grisi maalumu ya kufungia. Injini ikiwaka mara ya kwanza, isiachwe inguruma polepole. Iendeshwe kwa mizunguko 2,000 hadi 2,500 kwa dakika 20 ili oili irukie vinundu vyote, kisha oili ibadilishwe. Fundi asiyejua hatua hii anaweza kuharibu mali yako kabla gari halijatoka gereji.

Wenye dizeli ya 1HZ, shida yenu ni nyingine. Kamshafti yenu huzungushwa kwa mkanda, na mkanda huo hubadilishwa kila kilomita 100,000. Ukikatika, pistoni hugonga valvu, na gharama yake haina mfano wa bei ya mkanda mpya.

Wahenga walisema mwenda pole hajikwai. Gari la matope nalo ni mwenda pole, basi mpe kamshafti ya mwendo wake.

Hadi Jumapili ijayo, safiri salama.