Jikoni Mwetu: Keki ya Limau Isiyokauka

Siagi na mayai ni ghali. Keki ikikauka, gharama yote imepotea. Jaribu hii.

Mahitaji: unga wa ngano, siagi na sukari gramu 200 kila kimoja, mayai 4, bekingi pauda vijiko 2 vya chai, malimau 2.

Piga siagi na sukari mpaka viwe laini. Tia mayai moja moja, ganda la juu la limau lililoparuzwa, kisha unga na bekingi pauda. Oka kama dakika 40, makaa machache chini, mengi juu.

Kamua malimau, koroga na sukari vijiko 4 vya mezani. Toboatoboa keki ingali moto, mwagia polepole. Ikipoa, funika. Mgeni wa kesho ataikuta laini.