"Kuzibua" Hakutoshi: Kiswahili na Tiba ya Moyo

Aghalabu husikika kwamba mgonjwa fulani amekwenda hospitalini "kuzibuliwa mishipa ya moyo". Hoja yangu ni kwamba kitenzi hicho kimoja kinaficha mambo ambayo mgonjwa anastahili kuyajua kabla ya kutia sahihi fomu ya idhini.

Mafuta yanapojikusanya katika kuta za ateri za moyo kwa miaka mingi, kalsiamu nayo huweza kujijenga humo, ukuta ukawa mgumu mithili ya chokaa. Samaki mkunje angali mbichi; ateri iliyofikia hali hiyo huenda isitanuke hata kwa puto. Stenti, yaani kijibomba cha wavu wa chuma kinachoiweka njia wazi, ikitiwa humo haifunguki barabara, na damu yaweza kuganda ndani yake au njia ikasongeka upya. Ndiyo sababu kalsiamu hushughulikiwa kwanza.

Mbinu zenyewe hazifanani. Mojawapo ni kusaga: kidude chenye chembe za almasi huzungushwa ndani ya ateri mara 140,000 au zaidi kwa dakika. Unga wake huchukuliwa na damu, na ukizidi waweza kuziba vijishipa vilivyo mbele. Nyingine ni kutia nyufa kwa mawimbi makali ya sauti, mbinu iliyotokana na tiba ya mawe ya figo na kuidhinishwa Marekani kwa ateri za moyo mwaka wa 2021. Hapa kalsiamu huvunjika tu, haitolewi. Nimeepuka "kupasua" makusudi, maana mgonjwa atadhani ni kisu.

Je, aliyeambiwa "tutakuzibua" ameridhia lipi kati ya hayo? Sheria ya Afya ya Kenya ya mwaka wa 2017 inataka mgonjwa aelezwe, inapowezekana, kwa lugha anayoielewa.

Wapo watakaodai kuwa Kiswahili hakina istilahi. Sikubaliani nao. Kusaga, kutanua, unga, ufa na chokaa ni maneno ya jikoni na ya uashi, tunayo tangu jadi. Tulichokosa ni kikao cha wanaisimu na madaktari. Vyama vyetu visitosheke na orodha za istilahi zinazofungiwa kabatini. Viandae, pamoja na madaktari, maelezo ya ukurasa mmoja kwa kila mbinu, mgonjwa asomewe kabla hajapewa kalamu.