Seva Kongwe Ndizo Zenye Kosa

Wapo wakuu wa idara ambao, kompyuta mpya inapokataa kuunganika na seva kongwe, humwamuru fundi aipunguzie kompyuta ulinzi. Huo ni uzembe, ingawa huitwa utendaji, nao huhatarisha siri za watumishi na alama za wanafunzi. Kompyuta haina kosa. Seva ndiyo inayong'ang'ania TLS 1.0, kanuni ya mwaka 1999 ya kusitiri mawasiliano, ambayo IETF, chombo cha viwango vya intaneti, iliipiga marufuku Machi 2021. TLS 1.2 ipo tangu 2008. Wenye dhamana walikuwa wapi? Tena ulinzi ukilegezwa katika kompyuta nzima kwa ajili ya seva moja, umelegezwa kwa zote. Programu ya seva ibadilishwe. Ikishindikana leo, itangulizwe seva mpya ya kupokea maombi kwa TLS 1.3, na hiyo kongwe ifichwe nyuma yake hadi itakapostaafishwa.