Lumbesa ya Maabara

Bwana Mkulima wa Gilgil, huna haja ya kufundishwa maana ya lumbesa. Gunia la viazi lenye kilemba limewafaidi madalali miaka mingi, kwa kuwa mwuzaji na mnunuzi husema “gunia” na kila mmoja ana gunia lake moyoni. Ndiyo sababu kanuni za viazi za mwaka 2019 ziliweka kilo 50. Lumbesa haijakwisha, lakini mwenye kulalamika sasa ana neno la kushika.

Iko lumbesa nyingine, nayo yahusu dawa tunazopiga shambani.

Baadhi ya kemikali zaweza kuharibu urithi ulio ndani ya seli, yaani yale maagizo ambayo mtoto huyapokea kwa wazazi wake. Madhara hayo hayawashi ngozi wala hayaumizi kichwa. Yaweza kukaa miaka mingi, kisha yakatokea kuwa saratani. Kwa hiyo wataalamu hawangoji ugonjwa. Huchunguza seli zenyewe.

Njia moja ilielezwa na Fenech na Morley huko Australia mwaka 1985. Seli nyeupe za damu hukuzwa katika chupa yenye joto kama la mwili. Zinapogawanyika hutiwa dawa ya kuzizuia zisiachane, hata kila moja huonekana ina viini viwili. Urithi ukiwa umevunjika, kipande huachwa pembeni kikawa kiini kidogo, kama kiazi kilichosahauliwa shimoni wakati wa kuvuna. Basi mtu hukaa kwenye hadubini akavihesabu hivyo vidogo.

Hapo kwenye kuhesabu ndipo penye lumbesa. Huyu huona kiini, yule huona uchafu wa rangi. Mwaka 1997 wataalamu wa nchi nyingi walianzisha mradi wa HUMN ili walingane. Mwaka 2003 walitoa habari za maabara 34 zilizohesabu seli zilizopigwa mionzi. Ziliafikiana kwamba mionzi ikizidi madhara huzidi, lakini hesabu zenyewe zilipishana. Tena viini hivyo huongezeka kwa umri. Ukilinganisha wazee wapiga dawa na vijana wa ofisini, umepima miaka, hukupima dawa!

Ndipo nchi za shirika la OECD zikaweka, mwaka 2010, mwongozo nambari 487 wa kupima kemikali kwa njia hii. Mwongozo huo hutaka seli zikaguliwe kwa maelfu, na mwenye kuhesabu asijue kioo kipi kina dawa na kipi hakina. Mimi naona sharti hili la mwisho ndilo bora kupita yote, nalo halihitaji fedha.

Wengine watasema mambo haya ni ya Ulaya. La. Mwaka 2019 Umoja wa Ulaya ulikataa kuongeza kibali cha klorothalonili, dawa ya ukungu inayojulikana na wakulima wa viazi. Sababu mojawapo ilikuwa kwamba mabaki yake huingia katika maji ya chini, na haikuwezekana kuondoa shaka kuwa yanadhuru urithi. Shaka ya namna hiyo huondolewa au kuthibitishwa kwa vipimo vinavyoaminika tu. Bodi yetu ya kudhibiti dawa za wadudu, iliyowekwa na sheria ya mwaka 1982, husoma karatasi zinazoletwa na mwenye kuomba kibali. Yafaa vyuo vyetu vikuu vishike rula ile ile, ili siku vitakapopima damu ya wapiga dawa wa Naivasha au Gilgil, mtu yeyote asiweze kuitupa hesabu yao kwa kusema ni ya kienyeji.

Nawe una sehemu yako. Wapimaji wakija watakuuliza umri wako, kama wavuta sigara, na dawa ulizopiga. Wengi hujibu, “ile ya chupa ya kijani.” Nunua daftari. Andika siku, jina la dawa kama lilivyo kwenye kibandiko, kiasi ulichotia katika bomba, na kama ulichanganya mbili au tatu pamoja, maana mchanganyiko wako huo huenda hakuna maabara iliyoupima.